Ya moto au ya baridi? Namna ya kuonja eli ya kahawia iliyolazwa kwenye pipa la wiski, ukiwa Mtwara

Kaa baa yoyote ya Mtwara, Shangani au Magomeni, agiza bia, na mhudumu atakuuliza swali moja tu: ya moto au ya baridi? Kwa laga zetu za kila siku swali hilo linatosha. Kwa bia ninayoielezea hapa halina jibu, maana hii unaianza ikiwa ya baridi, unaimaliza ikiwa karibu na moto, na utamu wake wote uko katikati. Joto letu, ambalo siku zote ni adui wa chupa, safari hii utalifanyisha kazi.

Usitarajie kuikuta grosari. Ukiwa nayo, basi umeletewa na ndugu aliyetoka nje, au mwenzako wa kazini amepita uwanja wa ndege wa nchi fulani akakukumbuka. Kwa hiyo una chupa moja, pengine mbili, na huna nafasi ya kuiharibu. Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaokunywa. Kama hunywi, hakuna kilichomo kinachostahili kukufanya uanze.

Ujue una nini mkononi

Eli ni bia inayochachushwa kwa hamira inayopenda joto kuliko hamira ya laga, na hamira hiyo huacha harufu za matunda. Eli ya kahawia asili yake ni Uingereza. Sehemu ya kimea chake hukaangwa hadi kipate rangi, na ladha yake huelekea kwenye njugu, karameli na ukoko wa mkate. Iliyo maarufu zaidi, Newcastle Brown Ale, ilianza kuuzwa mwaka 1927, na kilevi chake hakifiki asilimia 5.

Yako ni kali kuliko hiyo. Watengenezaji, hasa wa Marekani, huongeza kimea hadi kilevi kifike asilimia 8, 10, hata 12, kisha huilaza bia kwa miezi kadhaa kwenye pipa lililowahi kubeba wiski, ramu au brandi. Mapipa hayo yapo mengi kwa sababu ya sheria. Marekani, wiski haiwezi kuitwa burboni mpaka izeeshwe kwenye chombo kipya cha mbao za mwaloni (mti wa nchi za baridi, oak kwa Kiingereza) kilichochomwa ndani kwa moto. Pipa likishatumika mara moja, la lita 200 hivi, halina kazi tena kwenye burboni. Linauzwa. Mengine huenda Uskoti kuzeesha wiski ya huko, mengine Karibi kwenye ramu, na mengine huishia kwa watu wa bia. Mbao zake bado zimelowa wiski, hivyo bia ikiingia huifyonza, na kilevi hupanda kidogo.

Uskoti jambo hili liliwahi kuja kinyumenyume. Kampuni ya wiski ilitaka mapipa yake yapate ladha ya bia kwanza kabla ya kutiwa wiski, na bia yenyewe ilikuwa ya kumwaga. Wafanyakazi wakaionja ile ya kumwaga, wakaona hapana, hii haimwagwi. Hapo ndipo ilipotokea Innis & Gunn, mwaka 2003.

Soma lebo kabla ya jambo lolote: asilimia ya kilevi, pipa la kinywaji gani, na tarehe. Kama lebo inataja mwaloni lakini haitaji pipa, huenda bia ililowekewa vipande vya mbao tu. Haina ubaya, ila usiitafutie wiski isiyokuwemo.

Safari na friji

Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na buti la basi mchana wa jua ni tanuri. Bia huchakaa kwa joto: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka huharakisha uchakavu wake kama mara mbili. Safari moja haiiui bia yenye kilevi kikubwa, lakini hakuna haja ya kuijaribu. Izungushie kanga mbili, iweke kwenye begi unalopanda nalo, miguuni, upande usiopigwa na jua.

Jua lenyewe lina madhara yake mbali na joto. Mwanga ukiifikia bia huvunja viungo vya uchungu vinavyotokana na hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu, na bia hutoa harufu ambayo waliowahi kupishana na kicheche usiku wataitambua. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo. Nyeupe haizuii kitu.

Ikifika, isimamishe kwenye friji siku nzima ili machicha ya hamira yatulie chini. Isimamishe, usiilaze. Na isiingie kwenye friza hata kama wageni wako mlangoni.

Mahali na saa

Watu wakisikia kuonja kitu kizuri wanafikiria ufukwe. Ufukwe ni mzuri kwa mengine. Upepo wa kusi utaikomba harufu kabla haijafika puani, na kama jirani anachoma pweza, umekwisha. Afadhali barazani kwenye kinga, au sebuleni madirisha yakiwa wazi na feni imezimwa. Kama nyumbani kumefukizwa udi, subiri kesho. Udi haushindwi na bia yoyote.

Usijipulize marashi. Usile pilipili wala usinywe kahawa chungu saa moja kabla. Mswaki pia usubiri, maana dawa ya meno hugeuza utamu kuwa uchungu.

Alika watu watatu, wale wanaokunywa na wasio na haraka. Mtwara na Lindi ni miji ya watu wa ibada, majirani ukutani kwa ukuta, na chupa ya aina hii haihitaji kelele. Mwezi wa Ramadhani uipishe tu.

Glasi

Tumia glasi ya mvinyo yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Bilauri ya kawaida huachia harufu yote ipotee, na kikombe cha plastiki kina harufu yake mwenyewe. Ioshe kwa sabuni kidogo, isuuze sana, kisha ifanyie jaribio: lowesha ndani kwa maji safi uigeuze. Maji yakiteremka kama shuka moja, ni safi. Yakijigawa matone na mifereji, kuna mafuta, na mafuta huua povu. Usiikaushe kwa taulo la jikoni lililofutia sufuria ya samaki. Mwisho isuuze kwa maji ya chupa, kwa sababu maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi.

Kila mtu apate kidogo, mililita 70 hivi. Chupa ya mililita 330 inawatosha wanne, na hesabu yake ni hii: mililita 330 za asilimia 10 zina mililita 33 za kilevi kitupu. Chupa kubwa ya laga ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Kichupa kidogo kimeipita kubwa. Anayeinywa kwa kasi ya laga atagundua wakati wa kusimama.

Mimina, tazama

Itoe kwenye friji, ifungue, mimina taratibu kwenye glasi iliyoinamishwa, halafu inyooshe mwishoni ili povu lipande. Achia kidole kimoja cha bia chini ya chupa. Hapo ndipo yalipo machicha.

Inyanyue kwenye mwanga. Utaona kahawia nzito yenye wekundu pembezoni. Povu lake ni la rangi ya chai ya maziwa na halikai. Kilevi kikubwa hulivunja mapema, basi usiilaumu. Zungusha glasi kidogo, uone michirizi inavyoteremka polepole ukutani mwa glasi. Ni ya kilevi. Haipimi ubora, inapendeza tu kutazama.

Pua: hapa ndipo kazi ilipo

Kabla ya kufungua chupa uwe umepanga visahani vidogo mezani. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na Mtwara ina bahati yake, maana vinavyohitajika karibu vyote viko sokoni:

- korosho zilizokaangwa, ngozi yake nyembamba ikiwa haijatoka yote
- nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu hadi ianze kubadilika rangi
- karafuu tatu, zilizovunjwa
- sukari guru, kipande
- tende mbili zilizopasuliwa
- kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa, kama msimu unaruhusu
- vanila kidogo kwenye pamba

Pitisha pua kwenye kila kisahani, polepole, halafu urudi kwenye glasi. Wengi wetu hunusa bia na kusema "inanukia bia" kwa sababu hatujaipa pua chochote cha kulinganishia. Ukitoka kwenye nazi ya kukaanga ukaenda moja kwa moja kwenye glasi, nazi uliyoikosa mwanzo utaikuta imekaa pale.

Wala si mawazo yako. Mwaloni wa Marekani una laktoni, na laktoni hiyo ndiyo inayonukia nazi. Mbao zikichomwa, kiunzi chake huvunjika na kutoa vanilini, ambayo ndiyo harufu kuu ya tunda la vanila. Ndani ya mwaloni kuna pia yujenoli, na yujenoli ndiyo hasa inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mtu aliyekulia pwani anaijua karafuu kwenye chai, kwenye pilau na kwenye jino linalouma. Akiikosa ndani ya glasi hii, pipa lilikuwa limechoka.

Upande wa korosho unatoka kwenye kimea. Korosho ikikaangwa, na shayiri ikikaangwa, kinachotokea ni kilekile: sukari na protini hukutana kwenye moto, zikatoa rangi ya kahawia na harufu mamia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana korosho ni kipimo kizuri kwa bia hii. Zinunue zilizokaangwa siku hiyo. Zile za vifuko unazopewa dirishani mwa basi pale Mnazi Mmoja ya Lindi ni nzuri kwa safari, ila nyingine zimekaa, na korosho iliyokaa hunukia mafuta yaliyochacha, ikakuharibia kipimo.

Sasa namna ya kunusa. Glasi ikiwa bado na ubaridi wa friji, nyuzijoto 5 au 6, utapata kidogo sana: sukari iliyoungua, pengine kahawa. Andika hicho kidogo. Vuta pumzi fupifupi mbili tatu, usivute moja ndefu. Pua huchoka upesi na kuacha kusikia. Ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe, kwenye ngozi. Pua imeizoea harufu yako, hivyo hurudi sifuri.

Iache glasi mezani. Dakika 10 za jioni ya Mtwara zinatosha, za Januari hata chini ya hapo. Ikifika nyuzijoto 12 hivi, ukiigusa kwa nje bado ina ubaridi lakini si ule wa friji, nusa tena. Hapo vanila na nazi hujitokeza, karafuu nyuma yake, na wiski yenyewe ikianza kuchungulia. Huu ndio wakati wake.

Mdomo

Kunywa kidogo, ieneze ulimi mzima. Ile ramani ya zamani iliyodai utamu uko nchani na uchungu uko nyuma haikuwa kweli. Ulimi wote husikia ladha zote. Meza. Wenye mvinyo hutema, lakini bia humezwa, kwa sababu uchungu wake hukamilika ikishapita. Ukimeza, funga mdomo utoe pumzi kwa puani. Pumzi hiyo hupandisha harufu kutoka kooni, na mara nyingi ndipo utamu wa pipa unapojulikana kuliko uliponusa kwa nje.

Tafuta mambo kwa zamu. Utamu kwanza: ni wa sukari guru, wa tende, au ni wa sukari nyeupe tupu? Uchungu wa hopsi katika eli ya kahawia unatakiwa uwe mdogo, wa kuuzuia utamu usikinaishe. Kisha ukakasi. Mwaloni una tanini, na kwa hili hakuna watu walioandaliwa vizuri kama wa Newala na Tandahimba. Aliyewahi kuuma bibo lisiloiva, ulimi ukakunjamana na koo likakaba, ameijua tanini kabla ya kuujua mwaloni. Ndani ya bia hii ukakasi uwe kwa mbali sana. Ukikukaba kama bibo, bia ililala kwenye pipa muda mrefu mno.

Mwisho joto la kilevi. Lianzie kifuani na kutanuka. Likichoma koo wakati wa kumeza, bia haijakomaa au pipa lilikuwa na wiski nyingi iliyobaki.

Maoni yangu: makosa mengi ya bia hizi ni ya pipa kuila bia. Stauti, yaani bia nyeusi nzito, ina mabega ya kubeba wiski. Eli ya kahawia ni laini, na pipa likizidi unabaki unakunywa wiski iliyotiwa maji. Nzuri ni ile ambayo baada ya kumeza, vanila ikishaondoka, korosho bado ipo.

Duru ya tatu, ikishapoa ubaridi

Bakiza theluthi ya glasi. Ikifika nyuzijoto 16 hadi 18, kochoko na tende huwa mbele: matunda yaliyokauka, yenye uchachu kidogo. Pipa hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo ndiyo iliyozeesha matunda hayo. Pipa la ramu hapa hujitambulisha kwa sukari guru na ndizi mbivu sana. La brandi kwa zabibu kavu. La burboni kwa vanila isiyokubali kuondoka.

Ikipita nyuzijoto 20 kilevi hufunika kila kitu. Kwa hewa yetu ya nyuzijoto 30, hilo linakuja haraka kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Wao huambiwa waikumbatie glasi kwa viganja ili ipate joto. Wewe ishike shingo, viganja vikae mbali, na chupa yenye bia iliyobaki irudi kwenye friji baina ya duru. Juni na Julai, kusi ikivuma, una nafasi zaidi.

Ikiwa imeharibika

Siki kali: bakteria wameingia kwenye pipa. Dawa ya kufutia rangi ya kucha: hao hao, wamekwenda mbali zaidi. Boksi lililolowa mvua: bia imechakaa kwa hewa na joto, na pengine ni lile buti la basi. Siagi nzito: uchachushaji haukukamilika. Uchachu mdogo wa tunda unaweza kuwa wa makusudi, basi soma lebo kabla ya kuhukumu.

Daima kuna mmoja mezani atakayesema, si tuweke gongo kwenye pipa hapa hapa, mabibo tunayo? Gongo ni haramu kisheria, halina kipimo, na mbao haziondoi sumu iliyomo. Uraka, pombe ya maji ya mabibo, ni jambo lingine, lakini uraka raha yake ni siku hiyohiyo ulipokamuliwa na kuchacha. Ukiulaza pipani miezi utapata siki.

Cha kutafuna, na kuandika

Chakula kije baada ya duru ya pili, kisije kabla. Korosho zenye chumvi hupunguza uchungu na kuinua utamu. Kashata ya nazi hufanya kinyume: hufanya bia ionekane kavu zaidi, na karafuu ikasikika. Samaki hapana, hata changu mzuri wa Feri. Mafuta yake na mwaloni havielewani.

Andika papo hapo, kwa maneno yako ya jikoni, kila mtu kivyake kabla ya kusemezana, kwa sababu wa kwanza kusema "nazi" huwaambukiza wote. Mistari kama hii inatosha: *Baridi: sukari iliyoungua, basi. Dakika 10: vanila, nazi ya kukaanga, karafuu kidogo. Mdomoni: korosho, ukakasi kwa mbali, kifua kimepata moto. Imepoa ubaridi: tende, wiski imezidi.*

Yale machicha uliyoyaacha chini, yamimine mwisho kwenye glasi moja, muonje kwa zamu. Ni mazito, ya mkate mbichi, na wengine huyapenda. Chupa iliyofunguliwa haifiki kesho, gesi itakuwa imekwenda. Ikiwa una ya pili ambayo haijafunguliwa, inaweza kukaa mwaka mzima na kubadilika vizuri, mradi isimame kwenye friji isiyozimwa. Kabatini, kwa joto la Mtwara, usiihesabie zaidi ya mwezi. Na wageni wako wawe na namba ya bajaji kabla hujafungua ya kwanza.